Nyanza: jina moja, wenyewe wengi

MFANYABIASHARA wa Nansio anayepakia dagaa na machungwa kwenda Mwanza huvuka maji ambayo ramani huyaita Ziwa Victoria. Kwa Kikerewe maji hayo ni nyanza, yaani ziwa, na neno hilo hilo limeenea katika majina ya biashara nyingi za Kanda ya Ziwa.

Neno hilo ni la zamani kuliko jina la Victoria, ambalo Mwingereza John Speke alilitoa baada ya kufika Mwanza Agosti 1858. Waganda husema nnyanja, Wachewa nyanja, na jina la Nyasa lina shina hilo hilo. Mwanza nayo husimuliwa kuwa ni Nyanza iliyobadilika matamshi. Rwanda ina mji wa Nyanza, Burundi ina Nyanza-Lac, na Kenya ilikuwa na Mkoa wa Nyanza hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Katika biashara, pamba ndiyo iliyolipatia jina hilo uzito. Mwaka 1955 vyama vya wakulima, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliunda Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka 1968 chombo hicho kikawa Nyanza Co-operative Union. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na chama kilipofufuliwa kiliandikishwa kwa jina la Nyanza Co-operative Union (1984) Limited. Jina lilikuwa lile lile, lakini chombo kilikuwa kipya. Na tangu soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, jina la mnunuzi pekee halimhakikishii mkulima malipo yake.

Hapo ndipo penye funzo kwa mwenye mtaji mdogo. Jina la mahali linalotumiwa na wengi ni gumu kulimiliki peke yako kama alama ya biashara. Tena, kusajili jina la biashara BRELA hakuundi kampuni: deni la duka hubaki la mwenye duka, wakati kampuni yenye dhima ya ukomo hudaiwa kwa jina lake yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kukopesha mzigo au kununua hisa za "Nyanza" yoyote, ni vyema kuomba namba ya usajili na majina ya wamiliki. Nyanza ni ya wote. Deni lina mwenyewe.