Ukaguzi wa ARP: Swichi yenye daftari yalinda siri ya bei

Bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili mwezi Februari 2025. Kwa wanunuzi wa Mbinga, siri ya bei imekuwa mali sawa na magunia yaliyomo ghalani. Siri hiyo haikai tena katika kabati la chuma. Hupita katika waya za ofisi, kati ya kompyuta ya mhasibu, printa na ruta inayotoka nje kwenda benki na kwa wateja.

Udhaifu wa waya hizo ni wa siku nyingi. Kompyuta za ofisi moja hutafutana kwa utaratibu uitwao ARP, uliotangazwa na David Plummer mwaka 1982. Kompyuta ya mhasibu ikitaka kutoka nje huuliza kwa sauti: nani mwenye anwani ya ruta? Ruta hujibu kwa kutaja namba yake ya MAC, ambayo kifaa hupewa kiwandani. Tatizo ni kwamba hakuna anayehakiki jibu. Mgeni aliyechomeka waya wake kwenye chumba cha mikutano akijibu kuwa ruta ni yeye, huaminiwa, hata kama hakuulizwa. Tangu hapo mizigo ya mhasibu humpitia yeye kwanza, naye huisukuma mbele ili asishtukiwe.

Tovuti za benki husimba mazungumzo yake, hivyo si rahisi kuyasoma. Lakini mafaili yanayotumwa kwa printa na programu za zamani za hesabu mara nyingi huenda wazi. Aidha, mgeni huyo anaweza kukata njia kabisa, na mnunuzi anayesubiri kutuma zabuni yake anajua thamani ya dakika tano.

Dawa ipo katika swichi, kile kiboksi kinachounganisha waya zote. Swichi ya kawaida hupitisha kila kitu. Swichi inayosimamiwa hupokea maagizo, na moja ya maagizo hayo ni ukaguzi wa ARP. Swichi hutunza daftari linaloonyesha anwani gani ya IP imetolewa kwa namba ipi ya MAC, kwenye tundu lipi. Jibu lisilolingana na daftari hutupwa.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Daftari hujazwa na kazi nyingine, uchunguzi wa DHCP, ambayo huangalia seva inapogawa anwani. Kazi hiyo huwashwa kwanza, daftari lijae, ndipo ukaguzi ufuate. Ukaguzi ukiwashwa juu ya daftari tupu, ofisi nzima hunyamaza. Tundu linalokwenda kwenye ruta au swichi nyingine huwekwa kuwa la kuaminika. Ya wafanyakazi na wageni hayaaminiwi. Printa na seva zenye anwani za kudumu haziombi anwani kwa DHCP, kwa hiyo huandikwa kwa mkono. Printa ya risiti ikisahauliwa, foleni ya wakulima itamjulisha meneja mapema.

Swichi za Cisco zina kikomo pia: tundu lisiloaminika likitoa ujumbe wa ARP zaidi ya 15 kwa sekunde, hufungwa hadi fundi alifungue, isipokuwa kama swichi imeagizwa kulifungua yenyewe.

Kwa Mbinga kuna jambo jingine la kuangalia. Mkoa wa Ruvuma uliingia gridi ya taifa mwaka 2018, lakini umeme bado hukatika. Swichi ikizimika bila daftari lake kuhifadhiwa, huamka haikumbuki mtu, na ukaguzi huzuia hata wenye haki hadi kompyuta zao ziombe anwani upya. Daftari lihifadhiwe katika kumbukumbu ya kudumu au kwenye seva, na swichi iwe na betri ya akiba.

Mnunuzi aulize kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya swichi za bei nafuu huitwa za kusimamiwa ilhali hazina ukaguzi wa ARP. Hata hivyo unafuu una gharama yake. Benki Kuu ya Bangladesh ilipoibiwa dola milioni 81 mwezi Februari 2016, mpelelezi wa nchini humo aliliambia shirika la Reuters kuwa kompyuta zake za malipo ziliunganishwa kwa swichi za mitumba za dola 10. Wizi ule haukutumia hila hii ya ARP, ila swichi za namna hiyo ziliwapa wachunguzi kazi ngumu ya kufuata nyayo.

Si kila mtu anahitaji gharama hii. Mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay anayelipwa kwa simu hatumii swichi yoyote ya ofisi. Mwenye nyumba ya wageni ufukweni anayegawa intaneti bila waya naye asitegemee ukaguzi huu peke yake: wateja wawili wanaotumia antena moja huweza kuwasiliana bila kupita kwenye swichi. Huyo aanze na mpangilio wa antena unaowatenganisha wateja, ambao katika vifaa vingi tayari umo na husubiri kuwashwa tu.