Maji Yanashuka, Wimbo Unapanda

Wajukuu wangu wa Meru na Embu, tuanze na mito, kwa maana bila mito hadithi hii haiendi. Kathita unapita Meru. Rupingazi unapita Embu. Thuci unatenganisha Embu na nchi ya Wachuka. Yote hiyo, hata ijipinde namna gani, huishia katika Tana. Nao Tana, ukishapita mabwawa, hukata nyika hadi Garissa, kisha huingia nchi ya Wapokomo kabla ya kumwagika baharini. Maji mliyochezea leo asubuhi yako njiani kuelekea huko.

Huko chini akina mama Wapokomo walikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto. Mtoto akilia usiku, mama humwimbia anyamaze, asije fisi akamla. Ni wimbo mfupi, wa polepole. Nyinyi mnaujua, ijapokuwa hamjaambiwa. Asubuhi ya kupandisha bendera, mnaposimama wima mikono ikiwa ubavuni, sauti mnayoiimba ndiyo hiyo. Maji yetu yalishuka kwao, wimbo wao ukapanda kwetu. Mmoja wa waliouleta anaitwa Washington Omondi, mtunzi na mwalimu wa muziki, na leo nataka mmjue.

Mwaka 1963 Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru, uliofika tarehe 12 Desemba. Taifa jipya lilihitaji wimbo. Jirani zetu walikuwa tayari na zao: Tanganyika ilichukua sauti iliyotungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, mwaka 1897. Uganda iliimba wimbo wa George Kakoma, naye pia mwalimu wa muziki. Kenya iliteua jopo la watu watano: Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki na ambaye pia aliandika michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, George Senoga-Zake, mwanamuziki mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume wa Pwani, Peter Kibukosya, na Omondi.

Wangeweza kujifungia chumbani wakabuni sauti mpya kabisa. Badala yake walimsikiliza Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, akawapa bembelezo la kwao. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote katika hadithi hii: watu waliosoma muziki wa Ulaya waliketi kumsikiliza mzee wa kijijini.

Lakini wimbo wa kumlaza mtoto hauwezi kusimamisha taifa jinsi ulivyo, na hapo ndipo kazi ya mtunzi ilipo. Mama huimba peke yake, kwa sauti moja, hata kwa kunong'ona. Wimbo wa taifa huimbwa na maelfu, tena bendi ya polisi ikipiga tarumbeta na ngoma. Basi mtunzi huchukua ile sauti ya mama na kuiweka juu, kwa waimbaji wa soprano, kisha huitafutia wenzake wa kutembea nayo: alto chini yake, halafu teno, na besi kwenye msingi. Kila mmoja ana njia yake, na wote hukutana mahali palipopangwa. Kisha yakaja maneno ya Kiswahili, beti tatu, ambayo ni sala kwa Mungu na wito wa kuijenga nchi. Ule upole wa mama haukupotea. Sikilizeni vizuri siku nyingine mkiuimba, mtausikia.

Omondi hakuishia hapo. Alirudi kwenye muziki wa Wajaluo akautafiti kwa kina, hasa nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa kando yake, vidole vikidonoa nyuzi. Kwenye kidole cha mguu huvaa pete ya chuma anayoigongesha kwenye ala ili kushika mdundo, na mguuni hufunga njuga. Na wakati wote huo anaimba! Mtu mmoja, kazi nne. Utafiti huo ulimpatia Omondi shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha London mwaka 1980, akaendelea kufundisha muziki katika chuo kikuu hapa nchini.

Baadaye akaongoza tume ya rais iliyochunguza hali ya muziki nchini. Ripoti yake ya mwaka 1984 ilitaka muziki wa jamii zetu uhifadhiwe, na ufundishwe shuleni kwa dhati. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ukawa somo la kila mtoto wa shule ya msingi, likatahiniwa hata katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Walimu waliotoka vyuo vya ualimu vya Kigari, Egoji na Meru walilazimika kujua solfa, yaani kuandika nyimbo kwa herufi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa muziki uliondolewa, na nasema wazi kwamba tulipoteza. Somo lisilo na mtihani lilisahaulika upesi. Sasa limerudi ndani ya somo la sanaa bunifu, na nafurahi.

Solfa ilikuja huku zamani. Wamisionari waliofungua misheni ya Kigari mwaka 1910 na ya Chogoria mwaka 1922 walikuja na vitabu vya nyimbo, na kwaya zetu zikajifunza do, re, mi. Ni herufi tu, unaziandika ubaoni kwa chaki, huhitaji piano. Ni chombo kizuri. Hata hivyo kina mipaka: hakiwezi kukuonyesha sauti ya ile pete ya nyatiti, wala uzito wa ngoma ndefu ya Wachuka, ambayo mpigaji huibana kati ya mapaja akiinama na kuruka nayo. Hayo hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayejua, kama Omondi alivyofanya.

Basi, wajukuu, jioni hii kaeni na nyanya au babu. Mwombeni wimbo aliobembelezewa alipokuwa mchanga. Uimbeni naye mpaka muushike, kisha uandikeni kwa solfa, na chini yake mwandike jina lake, kijiji chake na tarehe. Daftari hilo mpelekeeni mwalimu wenu wa muziki.