Kompyuta za mbali: Waliouza mapema ndio waliocheka

Biashara ya programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali imewapatia wenye hisa wa Ulaya na Marekani faida nono na hasara chungu, ikitegemea zaidi siku waliyonunua kuliko ubora wa bidhaa yenyewe.

Programu hizo humwezesha fundi kuiona na kuiendesha kompyuta ya mteja aliye mji mwingine kana kwamba ameketi mbele yake. Mteja humtajia namba na neno la siri vinavyotokea kwenye kioo, na mawasiliano hupita katika mitambo ya kampuni. Kumhudumia mteja mmoja zaidi hugharimu kidogo sana, na hapo ndipo wenye mitaji walipoona ulaji.

Mfano mkubwa ni TeamViewer ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2005. Kampuni ya uwekezaji ya Permira iliinunua mwaka 2014 kwa kiasi cha Euro milioni 870. Septemba 2019 hisa zake ziliingizwa katika soko la Frankfurt kwa Euro 26.25 kila moja, bei iliyoifanya kampuni nzima kuwa na thamani ya zaidi ya Euro bilioni 5. Jambo ambalo wanunuzi wengi wadogo hawakulitilia maanani ni kwamba hazikutolewa hisa mpya. Zilizouzwa zilikuwa za Permira, hivyo fedha zote zilikwenda kwa muuzaji, na kampuni haikupata hata senti ya kukuzia biashara.

Ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, bei ilipanda hadi kupita Euro 50. Machi 2021 kampuni ikatangaza mkataba wa miaka mitano wa kuweka jina lake kwenye jezi ya Manchester United, ulioripotiwa kuwa wa Pauni milioni 47 kwa mwaka. Kwa kampuni ambayo mapato yake ya mwaka 2020 yalikuwa kama Euro milioni 456, hiyo ni zaidi ya shilingi moja katika kila shilingi kumi iliyoingia. Soko lilinuna siku hiyo hiyo. Oktoba 2021 kampuni ilipopunguza makadirio yake, hisa ziliporomoka kwa karibu robo ya thamani katika siku moja, na mwaka ulikwisha bei ikiwa chini ya Euro 12. Jezi hiyo, ambayo mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi waliivaa bila kujua maana ya jina lililo kifuani, ilipata mdhamini mwingine msimu wa 2024/25.

LogMeIn, yenye asili ya Budapest, iliuza hisa zake New York mwaka 2009 kwa Dola 16. Mwaka 2014 ilifuta huduma ya bure, wateja wakalalamika. Mwaka 2020 ilinunuliwa kwa Dola 86.05 taslimu kwa hisa. Waliokaa nazo tangu mwanzo walivuna zaidi ya mara tano. Walioingia mwaka 2018 kwa zaidi ya Dola 120 walitoka wamepunjika.

Ushindani nao ni mkali. VNC, iliyotokana na maabara ya Cambridge, hugawiwa bure tangu miaka ya 1990, na Microsoft iliweka huduma kama hiyo ndani ya Windows XP Professional mwaka 2001.

Kwa mwenye duka anayetunza hesabu zake kwenye kompyuta, TeamViewer ni ya bure kwa matumizi binafsi tu. Ikihisi kuwa ni kazi ya biashara, hukata mawasiliano, hata katikati ya kufunga mahesabu ya mwezi. Matapeli nao hupiga simu wakijifanya watu wa benki na kuomba namba ile ya kwenye kioo. Anayewapa huwa amewakabidhi kompyuta yote, pamoja na akaunti ya benki iliyo wazi wakati huo.