Mashini Yenye Iliibwa Saa ya Chakula

Wewe kijana uliyekomaa karibu na reli, labda unajua dizeli tu. Waya za umeme zilitiwa kati ya Likasi na Tenke mwaka 1952, na tangu wakati ule mashini za mvuke zilianza kuondoka polepole. Lakini uliza muzee aliyefanya kazi ya reli: atakuambia kama kila mashini ya mvuke ilikuwa na tabia yake, na watu waliijua kwa namba ao kwa jina, sawa vile tunavyojua jirani. Leo ninakuletea maisha ya mashini moja ya Marekani. Jina lake General.

Ilijengwa mwaka 1855 katika muji wa Paterson, jimbo la New Jersey. Ilikuwa na magurudumu 8: manne madogo mbele kwa kufuata kona, manne makubwa nyuma kwa kuvuta. Chakula chake kilikuwa kuni. Ilivuta treni kati ya Atlanta na Chattanooga, karibu kilometa 220, kwenye reli ya jimbo la Georgia.

Mwaka 1861 vita ikatokea. Majimbo ya kusini yalijitenga kwa kulinda utumwa wa watu weusi. Tusizunguke jambo hilo. Reli ile ikawa njia ya kupelekea waaskari na vyakula vya jeshi la kusini. Basi mutu mumoja raia, James Andrews, alichukua waaskari wa kaskazini waliovaa nguo za kiraia, na mupango wao ulikuwa huu: kuiba treni, kukimbia nayo mupaka karibu na Chattanooga, kukata waya za telegrafu na kuchoma madaraja nyuma yao. Hivyo muji ule ungekosa musaada wakati jeshi la kaskazini lingefika.

Tarehe 12 Aprili 1862, asubui, General ilisimama Big Shanty. Abiria na wafanyakazi walishuka kula. Pale hapakuwa telegrafu, na ndiyo sababu Andrews alipachagua. Kambi ya waaskari wa kusini ilikuwa hapo hapo, karibu kabisa! Watu wake, karibu 20, walikata mabehewa ya abiria, wakabakiza matatu ya mizigo, wakaenda zao.

Shefu wa treni alikuwa kijana wa miaka 25, William Fuller. Alipoona treni yake inaondoka, aliacha sahani na kukimbia kwa miguu kufuata mashini ya mvuke. Mafundi wawili wakakimbia pamoja naye. Kisha wakapata kigari kidogo cha watengenezaji wa reli, wakakisukuma kwa miti, mupaka walipoangukia mufereji, kwa sababu wezi waling'oa chuma cha reli. Walikiinua tena. Mbele wakakuta mashini moja, Yonah, wakaichukua. Kisha nyingine. Njia ikakatwa tena, wakakimbia tena kwa miguu. Mwisho wakakuta Texas, iliyokuwa inakuja kutoka kaskazini. Hapakuwa nafasi ya kuigeuza. Basi wakaiendesha kinyumenyume, kwa nguvu yake yote.

Andrews naye alikuwa na shida zake. Alipoulizwa njiani, alisema amebeba baruti ya jenerali wa kusini, Beauregard, na watu walimuamini. Lakini pale Kingston alizuiliwa zaidi ya saa moja, juu ya treni nyingi zilizokimbia kutoka kaskazini. Ni jeshi la upande wake mwenyewe lililozikimbiza, maana liliteka Huntsville siku moja mbele. Tena mvua ilinyesha. Mbao za madaraja zilikuwa zimelowana, moto haukushika.

Hapa ujue jambo moja juu ya mashini ya mvuke. Kuni zikiisha, mvuke unashuka. Lakini maji yakiisha ni hatari zaidi: chuma kilicho juu ya moto kinabaki wazi, kinalegea, na chungu chote kinaweza kupasuka na kuua walio karibu. Kwa hiyo mashini inapaswa kusimama mara kwa mara kwa kunywa na kupakia. Mwenye kufukuzwa hana nafasi hiyo. Andrews alikuwa na watu, alikuwa na uongo mwingi wa akili, lakini wakati wa kupakia kuni hakuwa nao. (Soma tena Luka 14, mufano wa munara.) Kisha kilometa 140 hivi, karibu na Ringgold, General ikachoka. Watu wakaruka na kuingia porini. Wote walikamatwa. Andrews alinyongwa mwezi wa Juni 1862, na wengine 7 kisha yeye. Wanane walitoroka gereza, 6 wakabadilishwa na wafungwa wengine.

Ninajua vijana watapenda Fuller, na mimi pia ninapenda miguu yake. Lakini uangalie alikimbia kwa faida ya nani. Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli, na jeshi alilolisaidia lilitaka watu wabaki na minyororo. Jadilianeni jambo hilo nyumbani, wazazi pamoja na watoto.

Na General? Ilirudia kazi yake. Mwaka 1864 iliharibika Atlanta wakati jeshi la kusini lilikimbia muji. Ikatengenezwa, ikavuta treni miaka mingi tena. Karibu mwaka 1891 ilikuwa imesimama kando ya reli, inangojea kuvunjwa kama chuma kikuukuu, mupaka mutu mumoja mupiga picha aliitambua. Mwaka 1901 iliwekwa kwenye gare ya Chattanooga. Mwaka 1962 ilitembea tena kwa mvuke wake mwenyewe, miaka 100 kisha wizi ule. Kisha Chattanooga na kampuni ya reli wakaipigania mahakamani, na kampuni ikashinda.

Wale waaskari walipewa medali kubwa ya kwanza ya nchi mwaka 1863, lakini wawili kati ya walionyongwa, Philip Shadrach na George Wilson, walisahauliwa. Yao ilitolewa mwaka 2024 tu. Texas inatunzwa leo Atlanta. General iko Kennesaw tangu mwaka 1972, na Kennesaw ni jina jipya la Big Shanty: ni muji ule ule ambamo Fuller aliacha chakula chake.