Bakteria Waishio Ndani ya Seli

Umekwisha kujifunza kuwa mwili wako umejengwa kwa seli. Bakteria wengi waletao magonjwa huishi nje ya seli. Wengine, hata hivyo, huingia ndani ya seli na kuzaana humo. Mfano wao ni klamidia, waletao ugonjwa wa macho uitwao vikope, au trakoma. Mtu akiambukizwa mara nyingi, nywele za kope zake huweza kugeukia ndani, zikakwaruza jicho hata likapofuka.

Klamidia ni wadogo mno. Je, tutawatambuaje wakiwa ndani ya seli?

Mwili wenyewe unatusaidia. Vijidudu wakiingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili za kupigana nao. Kila kingamwili hushika aina yake ya adui, kama ufunguo unavyofaa kufuli lake. Mwaka 1941, Albert Coons na wenzake huko Boston, Marekani, waliunganisha kingamwili na rangi ing'aayo. Tangu hapo wataalamu wamefanya hivi:

1. Mnyama, kama sungura, hudungwa bakteria waliouawa. Baadaye kingamwili hupatikana katika damu yake.
2. Kingamwili hizo huunganishwa na rangi.
3. Seli kutoka ndani ya ukope wa mgonjwa hupakwa juu ya kioo, kisha hutiwa alkoholi. Alkoholi hufungua njia katika utando wa seli ili kingamwili zipite.
4. Kingamwili hutiwa juu ya seli, kisha kioo huoshwa. Zilizoshika bakteria hubaki, nyingine huondoka.
5. Kioo humulikwa kwa mwanga wa buluu chini ya hadubini. Bakteria hung'aa kijani, kama vimulimuli gizani.

Mtaalamu hupima pia seli za mtu asiye mgonjwa. Zikin'gaa nazo, hujua kuwa jaribio lina kasoro.

Kazi hii ina faida kubwa. Jicho huweza kubaki jekundu hata baada ya bakteria kwisha. Tena, bakteria huweza kuwamo kabla dalili hazijaonekana. Macho yetu hayatoshi kutuambia ukweli, kingamwili hutuonyesha.

Maswali

1. Kwa nini seli hutiwa alkoholi?
2. Kioo kisipooshwa, mtaalamu angekosea vipi?
3. Vikope huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Utajikingaje?