Kutoka Daftari la Ngeli hadi Rununu: Hatua za Kwanza za Kuunda Programu-Tumizi

Utangulizi

Ni jambo la kawaida kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akidai kwamba uundaji wa programu za rununu ni kazi ya wenzake wa sayansi ya tarakilishi, na kwamba yake ni fasihi na isimu tu. Dai hili halina mashiko. Kuiamrisha tarakilishi ni kuiandikia sentensi zisizo na utata, na aliyezoea kuchanganua sentensi ana mtaji wa kuanzia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanagenzi anavyoweza kuunda programu-tumizi ndogo ya kutahini ngeli, na kuonyesha mahali ambapo sarufi yenyewe humtega.

Zana

Zana tutakayoitumia huitwa App Inventor. Kampuni ya Google iliifungulia umma mwaka wa 2010. Baadaye Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, ikaichukua na kuifungua upya mwaka wa 2012. Haitozi ada, nayo hutumiwa kupitia kivinjari cha intaneti. Mtumiaji hahitaji kukariri lugha ya programu, kwa kuwa amri huja kama matofali ya rangi yanayopachikana mithili ya vipande vya chemshabongo. Tofali lisilooana na jingine hukataa kushikana, sawa na kiambishi cha upatanisho kisichoafikiana na nomino yake. Aidha, ukiiweka programu-sahaba ya zana hii katika rununu yako, utaona kila badiliko papo hapo.

Hatua Tatu

Kwanza ni sura. Katika ukurasa wa usanifu, buruta lebo moja ya kuonyesha nomino, vitufe vitatu vilivyoandikwa A-WA, KI-VI na U-I, na lebo ya pili ya kutolea matokeo. Kipe kila kijenzi jina linaloeleweka. Mwenye vitufe vinavyotofautishwa kwa nambari tu atapotea kabla ya kufika mbali.

Pili ni data. Hamia ukurasa wa matofali na uunde orodha mbili. Ya kwanza iwe na nomino: kijiko, mkulima, mkoba, kijana. Ya pili iwe na ngeli zake kwa utaratibu uleule: KI-VI, A-WA, U-I, A-WA. Kisha unda kigeu kiitwacho "nafasi" na ukipe thamani ya 1, kwa sababu orodha za zana hii huhesabiwa kuanzia 1. Agiza kwamba skrini inapofunguka, lebo ya kwanza ionyeshe nomino iliyo katika nafasi hiyo.

Tatu ni mantiki. Kila kitufe kina tukio la kubonyezwa. Ndani ya tukio hilo, weka sharti: ikiwa maandishi ya kitufe ni sawa na ngeli iliyo katika "nafasi" ya orodha ya pili, lebo ya matokeo iandike "Sahihi", la sivyo, iandike "Jaribu tena". Jibu likiwa sahihi, "nafasi" iongezwe 1. Ikizidi urefu wa orodha, irudishwe kuwa 1. Kisha nomino mpya ionyeshwe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusimwache mtahiniwa aandike jibu lake mwenyewe? Jawabu ni kwamba kwa tarakilishi, "ki-vi" na "KI-VI" ni maandishi mawili tofauti. Hata nafasi tupu moja mwishoni mwa neno ingemfanya mwenye jibu sahihi aambiwe amekosea.

Mtego wa Sarufi

Mwandishi wa makala haya alipojaribu kazi hii mara ya kwanza, alitafuta njia ya mkato. Badala ya kuandika orodha ya pili, aliiagiza programu ikague mwanzo wa neno: likianza kwa ki- au ch-, liwe KI-VI. Kijiko, kitabu na chakula vilipita bila tatizo. Akaipeleka programu yake darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alibonyeza A-WA kwa nomino "kipofu", akaambiwa ajaribu tena. Alifungua daftari lake, akalifuta jibu lililokuwa sahihi, na kuandika KI-VI. Aliiamini rununu kuliko alivyojiamini.

Kosa halikuwa la chombo. Uainishaji wa kimofolojia, unaohusishwa na wataalamu kama vile Carl Meinhof, huzingatia viambishi vya nomino yenyewe. Uainishaji wa kisintaksia, ambao ndio msingi wa majina kama A-WA na KI-VI, huzingatia upatanisho katika sentensi. Kwa hivyo tunasema "kipofu anaimba", "kiboko ameogelea" na "chura analia", japo maumbo yake yanafanana na ya kijiko na chakula. Vivyo hivyo, mkulima na mkoba huanza kwa m-, lakini mkulima analima ilhali mkoba umepotea. Tarakilishi haiyajui haya hadi aambiwe na ajuaye, na ajuaye ni mwanafunzi wa Kiswahili.

Hitimisho

Programu ikikamilika, zana hukupa faili unayoweza kuiweka katika rununu ya Android na kuwagawia wenzako. Hata hivyo, usifanye haraka. Mwombe mhadhiri au mwenzako aikague orodha yako neno kwa neno, kwani kosa la daftari humpotosha mwenye daftari, ilhali kosa la programu humpotosha kila aliyeipokea. Nomino nne si nyingi, lakini zikiwa sahihi zinatosha kuanzia. Ngeli nyingine zitafuata kwa kuongeza vitufe. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.