Usizidishe Mshahara, Zidisha Salio

Kila anayeingia ofisini kwangu Kondele, Kisumu, na barua ya ajira kutoka ng'ambo huwa ameshafanya hesabu moja kabla hajaketi. Amechukua mshahara aliotajiwa, akauzidisha kwa bei ya pauni au dola ya siku hiyo, na jibu amelala nalo usiku kucha. Wengine huwa wameshaligawa: hili la karo, hili la mabati ya nyumba ya dala, yaani nyumbani kijijini, hili la kiwanja kule Riat.

Mwishoni mwa mwaka wa 2025 alinijia muuguzi kijana wa mtaa wa Manyatta, ameandamana na mamake. Barua yake ilitoka hospitali ya umma nchini Uingereza, nchi iliyotia saini mkataba wa kuajiri wauguzi na Kenya mnamo Julai 2021. Alikuwa ameahidiwa pauni 31,049 kwa mwaka, kiwango cha kuanzia cha muuguzi wa daraja la tano katika hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, kwa mwaka wa 2025/26.

"Mzee, hizo ni zaidi ya laki nne kila mwezi," mama akasema kabla binti hajafungua mdomo.

Hakukosea kuzidisha. Pauni 31,049 ukizigawa kwa miezi 12 unapata 2,587, na pauni ilipokuwa inacheza kwenye shilingi 172, hizo ni kama 445,000. Kosa ni kwamba hakuna hata siku moja ambayo binti huyu angezishika shilingi 445,000. Mimi hufanya kazi ya uhasibu, na katika kazi hii kitu cha kwanza kufundishwa ni kutenganisha kinachoingia na kinachobaki. Mshahara wa ng'ambo unalipwa kule na unaliwa kule, kwa bei za kule. Kinachostahili kuzidishwa kwa 172 ni kile tu kitakachovuka bahari.

Tukaanza kukata. Uingereza haikutozi kodi ya mapato kwenye pauni 12,570 za kwanza za mwaka. Zinazobaki hukatwa asilimia 20, kisha asilimia 8 nyingine ya bima ya taifa. Hapo 2,587 imeshuka hadi 2,156. Ukijiunga na pensheni ya NHS, na ningemshauri ajiunge, mkononi zinabaki karibu 2,000. Haya hayapaswi kumshangaza Mkenya ambaye hati yake ya mshahara inakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, lakini huwa yanamshangaza kila mtu.

Kisha nyumba. Tuseme ameepuka London na kupata chumba katika nyumba ya kushirikiana na wengine, pauni 600 pamoja na gesi na umeme. Chakula 220, basi 75, simu na nguo za baridi 105. Jumla 1,000, salio 1,000. Hizo ndizo za kuzidisha: shilingi 172,000. Ni pesa nzuri, nami nilimwambia hivyo.

Ila binti ana mtoto wa miaka mitatu, na alitaka kwenda naye. Chumba cha kushirikiana hakifai tena. Nyumba ndogo ya peke yake, 850. Kodi ya halmashauri, 100, hata baada ya punguzo la asilimia 25 analopewa mtu mzima anayeishi peke yake. Gesi, umeme na maji, 170. Chakula, 320. Basi, simu na nguo kama awali. Zimekwenda 1,620, zimebaki 380, kama shilingi 65,000, na bado hatujamlipa mtu wa kukaa na mtoto mama yake akiwa zamu ya usiku. Viza yake haimruhusu kupokea posho ya watoto ambayo jirani yake Mwingereza anaipata. Ukiniuliza salio ni kiasi gani baada ya kulipa mlezi, nitakwambia andika sufuri, na uombe isiwe chini yake.

Laki nne na nusu zimekuwa sufuri, na hakuna aliyeibiwa hata senti.

Kwa nini pauni inayeyuka hivyo? Wanauchumi wana neno, uwezo linganifu wa kununua, dhana aliyoipa jina Gustav Cassel wa Uswidi mnamo 1918, wakati vita vimevuruga sarafu za Ulaya. Jarida la The Economist lilikuja kuirahisisha mwaka wa 1986 kwa kulinganisha bei ya baga ya Big Mac nchi hadi nchi. Manyatta hatuli Big Mac, kwa hiyo mimi hutumia kinyozi. Mashine ya kunyolea ya Kondele na ya Manchester huenda zimetoka kiwanda kimoja China, na bei zake hazipishani sana. Simu vilevile, na mara nyingine kwetu ni ghali zaidi. Kitu kinachosafiri kwa meli hutafuta bei moja duniani. Mkono wa kinyozi hausafiri kwa meli. Kondele unanyolewa kwa pesa ya chai na chapati chache. Manchester utaombwa pauni 15, zaidi ya shilingi 2,500, kwa kichwa kilekile.

Kwa hiyo vitu vinavyofanywa na mkono wa mtu ndivyo vinavyokuangusha ng'ambo: kulea mtoto, kusuka nywele, kupika, kufua, kubebwa hadi mlangoni. Mtu wa Milimani, mtaa wa matajiri, mwenye yaya, mtunza bustani na dereva hulalamikia maisha ya London kuliko mtu wa Manyatta, kwa sababu alizoea kununua jasho la watu wengine kwa bei ya Kisumu. Muuguzi wetu anakwenda kuuza jasho lake kwa bei ya kule, na hapo ndipo nafuu yake ilipo. Balaa inamwanzia pale anapolazimika kulinunua la mwenzake.

Sasa tugeuze ukurasa, maana Manyatta nayo ina bei zake, na watu hawaziandiki. Chukua maji. Ukinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5, mitungi 50 ndiyo mita moja ya ujazo, shilingi 250. Siku mifereji ikikauka na mtungi ukafika shilingi 20, ujazo uleule ni 1,000. Mwenye mita ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ndani ya nyumba yake hulipa pungufu ya hapo, na habebi kitu kichwani. Maskini wa mtaa anakunywa maji ghali kuliko tajiri, na ziwa liko pale chini, unaliona ukipanda ghorofa. Visima vya mtaani ni nafuu, lakini vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo, na ulichookoa kwenye mtungi unakipeleka duka la dawa. Ongeza mlinzi, ongeza shule ya binafsi kwa sababu ile ya umma ina watoto kupita kiasi, ongeza saa unazokaa gizani ukingoja stima irudi. Uingereza maji hutoka mferejini usiku na mchana, shule ya umma haina karo, na mwenye viza ya wahudumu wa afya hatozwi ile ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka ambayo wahamiaji wengine hulipa. Hizi nazo ni mshahara, tena usiokatwa kodi.

Upande wa pili wa daftari kuna vile tunavyopewa bure hapa. Mama wa mlango wa pili anakaa na mtoto wako hadi saa mbili za usiku na malipo yake ni sukari ukirudi. Mwenye kioski anakuandika kitabuni hadi mwisho wa mwezi. Mafuta ya kupikia unapimiwa ya shilingi 20, tokeni za stima unanunua kidogo kidogo, omena unachukua kwa kipimo cha mkono. Uchumi huu wa kadogo ni ghali ukiuhesabu kwa kilo, lakini unakuruhusu kuishi hata siku ambayo huna kitu. Ng'ambo hakuna kadogo. Sheria ya Uingereza ya 2019 inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana ya hadi kodi ya wiki tano; kwa nyumba ya pauni 850 hiyo ni kama 980, juu ya kodi ya mwezi wa kwanza. Zaidi ya pauni 1,800 kabla hujalala hata usiku mmoja, na mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi. Wengi niliowaona wakiingia kwenye madeni waliingia katika wiki hizo nne za mwanzo.

Anayekwenda Ujerumani kusoma amerahisishiwa kazi hii. Tangu Septemba 2024 serikali yao inamtaka mwanafunzi aweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, atoe 992 kila mwezi. Wao wenyewe wamekutajia kipimo chao cha chini cha kuishi. Ukiona wakala anakwambia utaishi kwa 500, muulize anajua nini ambacho Berlin haikijui.

Katika nchi za Ghuba hesabu inapinduka. Qatar iliweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kuanzia Machi 2021, na mwajiri asipokupa chakula na malazi anaongeza 300 na 500. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000. Hapa Kisumu kima cha chini cha kibarua kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75. Tofauti inaonekana ndogo ukiiweka kando ya barua ya muuguzi, ila msichana wa kazi aliyeko Doha halipi kodi ya nyumba wala unga, kwa hiyo karibu mshahara wote ni salio. Kwa hesabu tupu anaweza kumpita muuguzi mwenye mtoto Uingereza. Lakini analala nyumbani kwa mwajiri wake, na kama siku ya mapumziko haipo au pasipoti imefungiwa kabati la mwenye nyumba, shilingi 35,000 ni bei ya siku 30 bila mlango wa kutokea. Mimi nisingemshauri binti yangu aipokee kabla ya kuona mkataba na kuhakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Salio lenyewe nalo halitulii. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 129. Aliyekuwa akituma dola 300 kila mwezi aliona shilingi 48,000 zikigeuka 38,700, naye hajapunguza hata senti. Nyumbani walidhani amebadilika. Chukua bei ya chini unayoikumbuka, ndiyo uitumie kupangia karo.

Na kuna mstari ambao majedwali ya intaneti ya kulinganisha miji hayana kabisa: matanga. Yanakupa bei ya maziwa na ya tiketi ya basi, hayakwambii kwamba Mjaluo akifa Minnesota lazima alale dala. Kesi ya 1987 ya kugombea mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno, iliyomaliza miezi mitano mwili ukiwa mochari kabla ya kuzikwa Nyalgunga, ilionyesha jambo hili lina uzito gani. Kusafirisha mwili kutoka Marekani hula maelfu ya dola, na kila mwezi kuna mchango wa mtu. Mimi huweka asilimia 10 ya salio kwa ajili ya misiba, na sijaona mteja aliyeirudisha.

Muuguzi wetu tulimwandikia hivi. Aende peke yake kwanza, akae chumba cha kushirikiana. Mtoto abaki na nyanya yake Manyatta. Uingereza mtoto huanza shule ya umma Septemba inayofuata siku anapotimiza miaka minne. Akifika hapo gharama ya mlezi inapungua sana, na nyumba ya pauni 850 inaanza kuwezekana.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani atamlipa yeye kwa kulea. Nilikuwa nimesahau mstari huo. Tukauandika: pauni 100.

Ukija na barua yako, njoo pia na daftari la matumizi yako ya mwezi mmoja hapa mtaani, hadi mtungi wa mwisho. Bila hilo siwezi kukwambia kama unakwenda kupanda au kushuka.